Uhakiki wa pgbench: kupima kanzidata kwa jicho la anayesubiri dirishani

Kwa miaka kadhaa sasa kazi yangu imekuwa kutunza kanzidata za PostgreSQL katika vyama vya akiba na mikopo, na chombo ambacho nimekitumia kupimia mara nyingi kuliko kingine chochote ni pgbench, programu ndogo inayoendeshwa kwa amri za kuandika na inayotolewa bure pamoja na PostgreSQL yenyewe. Ninaandika uhakiki huu kwa sababu naithamini programu hii na kwa sababu naiona ikitumiwa vibaya mara kwa mara. Watu huiendesha kwa dakika moja, huchukua namba inayoandikwa mwishoni, ile ya miamala kwa sekunde, huibandika katika ripoti, na kwa nguvu ya namba hiyo seva hununuliwa, zabuni hutolewa na mafundi husifiwa au hulaumiwa. pgbench ina uwezo wa kutoa kipimo chenye maana kuliko hicho, ila haikitoi mpaka aliyeishika ajue amekuja kuuliza nini.

Mimi nilijifunza hilo mwisho wa mwezi mmoja, katika ofisi ya chama ambacho sitakitaja, siku ambayo mishahara iliingia. Kampuni iliyofunga mfumo ilikuwa imekabidhi ripoti nene, na ukurasa wake wa kwanza ulieleza kwamba kanzidata ilipimwa na inamudu miamala zaidi ya 3,000 kwa sekunde. Chama chenyewe, hata siku ya msongamano mkubwa kabisa, hakizidi miamala 10 kwa sekunde. Saa nne asubuhi foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Niliomba kiti, nikakaa nyuma ya keshia nikiitazama saa yangu ya mkononi. Muamala wa kwanza wa kutoa fedha ulikwisha kabla sijaanza kuhesabu, wa pili vilevile, wa tatu na wa nne vilevile. Wa tano ulikwama. Kiduara kilizunguka kwenye skrini, keshia akaondoa mkono juu ya kipanya, mzee aliyesimama dirishani akakitia kitambulisho chake mfukoni, akakitoa, akakitia tena, na mpaka risiti inachapishwa zilikuwa zimepita sekunde 11. Keshia aligeuka akaniambia, bila hasira yoyote, "Kaka, hizo elfu tatu zenu mimi sizioni hapa. Mimi namwona mzee amesimama."

Tangu siku hiyo napima kila kanzidata kwa swali la keshia yule: kazi ikiwa inakuja kwa mwendo wake halisi, anayesubiri anasubiri muda gani? Uhakiki huu wote ni maelezo ya jinsi pgbench inavyolijibu swali hilo, inapolijibu vizuri na inaposhindwa.

Kinachogusa moyo ni kwamba kipimo hiki kilizaliwa kikiwa na mtu dirishani. Mwaka 1985 Jim Gray, mtaalamu wa kanzidata, na wenzake kutoka kampuni na vyuo mbalimbali walichapisha katika jarida la Datamation pendekezo la kipimo cha benki, muamala mdogo wa kuweka na kutoa fedha, na waliweka sharti kwamba miamala 95 kati ya 100 ikamilike ndani ya sekunde 1. Wingi wa miamala ulihesabiwa pale tu sharti hilo lilipotimizwa. Baraza la TPC, linaloweka vipimo vya kanzidata, lilipoundwa mwaka 1988 lilikirithi kipimo hicho, kwanza kwa jina la TPC-A, kisha mwaka 1990 kwa jina la TPC-B, ambacho kiliondoa vituo vya makeshia na mapumziko kati ya muamala na muamala, kikabakia kuikandamiza kanzidata kwa kadiri inavyoweza kuhimili. TPC-B ilistaafishwa mwaka 1995, lakini sura yake ndiyo ambayo Tatsuo Ishii wa Japani aliitumia alipoiandika pgbench, na ndiyo inayoendeshwa mpaka leo usipoiambia vinginevyo. Kwa maneno mengine, ukiendesha pgbench bila swichi yoyote ya ziada, yaani herufi za maelekezo zinazoongezwa kwenye amri, unapata muamala wa benki ambao mteja wake ameondolewa.

Tuutazame muamala huo kwa karibu, kwa sababu asiyeujua hawezi kujua namba inamwambia nini. Ukiiamuru pgbench iandae uwanja wa majaribio, hutengeneza majedwali manne, yaani matawi, makeshia, akaunti na historia, na kwa kila kizio kimoja cha ukubwa huweka tawi 1, makeshia 10 na akaunti 100,000. Kila muamala hubadili salio la akaunti moja iliyochaguliwa kwa bahati nasibu, husoma salio jipya, hubadili jumla ya keshia mmoja, hubadili jumla ya tawi moja, huongeza mstari katika historia, kisha hufunga muamala, yaani huyathibitisha mabadiliko yote kwa pamoja. Kizio cha ukubwa usipokitaja huwa ni 1. Hapo sasa fikiria umeweka wateja wa bandia 50 juu ya uwanja wenye tawi moja tu. Wote 50 wanataka kubadili mstari uleule wa tawi, na PostgreSQL, kwa haki kabisa, humruhusu mmoja kwa wakati na kuwafungia wengine mpaka yule wa kwanza afunge muamala wake. Unaweza kuongeza vichakato vya seva, unaweza kuongeza RAM, na namba isisogee kwa kiasi cha maana, kwa kuwa unachopima ni foleni ya mstari mmoja. Mwongozo wa pgbench wenyewe unashauri kwamba kizio cha ukubwa kisipungue idadi ya wateja wa bandia, na bado nimekutana na ripoti ambazo seva mbili zimelinganishwa kwa kizio cha 1.

Ukubwa una jambo lake jingine. Kizio kimoja huchukua megabaiti 15 hivi, kwa hiyo kizio cha 100 ni gigabaiti moja na nusu, na katika seva yenye gigabaiti 16 za RAM data hiyo yote itakaa kwenye kumbukumbu, diski isiguswe katika kusoma. Wapo wanaosema lazima kila jaribio lizidi RAM ili liwe la kweli. Mimi sikubaliani nao. Ikiwa data halisi ya chama ni gigabaiti 4 na seva ina 16, basi hali halisi ni kwamba data inaenea kwenye RAM, na kuipima kwa gigabaiti 40 ni kupima chama kingine. Ukubwa wa jaribio ufuate ukubwa wa data yako pamoja na miaka michache ya kukua, basi.

Sasa nije kwenye namba yenyewe. pgbench ikimaliza huandika wastani wa muda wa kusubiri na miamala kwa sekunde, na wasomaji wengi huziona kama ni habari mbili zinazothibitishana. Katika uendeshaji wa kawaida ni habari moja iliyosemwa mara mbili. Kila mteja wa bandia hutuma muamala, husubiri jibu, hutuma mwingine papo hapo, na kwa hiyo wateja 50 wakitoa miamala 3,000 kwa sekunde, wastani wa kila muamala lazima uwe 50 kugawanywa kwa 3,000, yaani milisekunde 17 hivi. Ukijua moja umeijua na ya pili. Na wastani, kwa kazi ya dirishani, haufai. Chukua miamala 100 ambayo 97 kati yake ilikwisha kwa milisekunde 10 na 3 ilichukua sekunde 4 kila mmoja. Jumla yake ni sekunde 12.97, na wastani ni milisekunde 130. Hakuna mwanachama hata mmoja aliyesubiri milisekunde 130: wengi walihudumiwa bila kuhisi chochote, na watatu walisimama wakidhani mtandao umekatika.

Ndiyo maana ninataka viwango. Nikisema kiwango cha 95 namaanisha muda ambao miamala 95 kati ya kila 100 ilikamilika ndani yake, na kiwango cha 99 vivyo hivyo. Katika mfano wa hapo juu hata kiwango cha 95 kingenidanganya, kwa kuwa kingeonyesha milisekunde 10; kiwango cha 99 ndicho kinachozitoa zile sekunde 4 hadharani. Kuchagua kiwango kunategemea mtu mmoja hupitisha miamala mingapi kwa siku. Keshia anayehudumia wanachama 100, na kila mwanachama akahitaji miamala 6 ya kanzidata kuanzia kutafuta jina mpaka risiti, anapitisha miamala 600, na kiwango cha 99 kinaacha nje miamala 6 kwa kila siku yake ya kazi. Kwa keshia huyo mimi huangalia mpaka 999 kati ya 1,000.

Hapa ndipo lilipo lalamiko langu kubwa kuhusu programu hii: mwisho wa jaribio haiandiki viwango hivyo. Inakupa wastani, inakupa mtawanyiko ukiiomba, na inaishia hapo. Dawa ipo, nayo ni swichi ya -l, inayoandika mstari mmoja kwa kila muamala katika faili la logi. Mstari huanza na namba ya mteja wa bandia, namba ya muamala, kisha muda uliotumika kwa mikrosekunde, halafu namba ya skripti na saa. Ukiona mstari unaoanza na 0 199 2241, ni mteja wa kwanza, muamala wake wa 199, uliochukua milisekunde 2.241. Panga faili lote kwa safu ya tatu, kutoka dogo kwenda kubwa, na viwango viko mbele yako: faili likiwa na mistari 18,000, kiwango cha 95 kiko mstari wa 17,100, cha 99 kiko mstari wa 17,820, na cha 99.9 kiko mstari wa 17,982. Ni kazi ya dakika moja kwa aliyezoea, lakini ni dakika ambayo wengi hawaitumii, na programu ingewafaa zaidi kama ingeviandika yenyewe. Programu ya sysbench, ambayo inapima MySQL na PostgreSQL zote mbili, huandika kiwango cha 95 bila kuombwa, na katika hilo imeitangulia pgbench.

Lakini faili la logi peke yake halitoshi, na jambo hili ndilo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa. Tuseme kanzidata imeganda kwa sekunde 10, na wateja wa bandia ni 8. Kila mmoja alikuwa ametuma muamala mmoja na anausubiri, kwa hiyo logi itaandika miamala 8 mibaya tu, na mingine yote itaonekana safi. Wanachama wa kweli hawafanyi hivyo. Hawasubiri kanzidata ipone ndipo watoke nyumbani. Wanaendelea kuja, wanaendelea kubonyeza simu zao. Kwa mwendo wa miamala 10 kwa sekunde, katika sekunde hizo 10 wangekuwa wamekusanyika 100. Mhandisi Gil Tene ameueleza upofu huu wa vipimo kwa miaka mingi, kwamba chombo cha kupima hushirikiana na mfumo bila kujua, kinapunguza mwendo mfumo unapolemewa na hivyo kuacha kuhesabu wale ambao wangeumia.

pgbench inayo tiba ya upofu huo, na kwa ajili yake peke yake ningeipa programu hii alama za juu. Ni swichi ya -R. Ukiandika -R 10, pgbench hupanga ratiba ya kuanza miamala 10 kwa sekunde kwa wastani, kwa vipindi visivyolingana kama watu wanavyoingia mlangoni, na huhesabu muda wa kila muamala kuanzia saa uliyopangiwa kuanza, hata kama ulichelewa kutumwa kwa sababu miamala iliyotangulia ilikuwa imekwama. Logi huongeza na safu inayoonyesha ucheleweshaji huo. Wale 100 sasa wanahesabika wote. Hata hivyo msomaji makini ataona kwamba 100 kati ya 18,000 ni kama 5 na nusu kati ya 1,000, kwa hiyo kiwango cha 99 bado hakiwaoni, na ni kiwango cha 99.9 pamoja na ule muda mrefu kuliko yote ndivyo vinavyowataja. Ukiongeza swichi ya -L 1000, pgbench huhesabu miamala yote iliyozidi sekunde 1, na ile ambayo imeshachelewa kupita kikomo hicho kabla hata ya kutumwa huiruka na kuitaja peke yake. Mimi naiona idadi ya miamala iliyorukwa kama idadi ya watu waliokata tamaa wakarudi nyumbani.

Kuhusu urefu wa jaribio nitasema kwa ufupi. PostgreSQL, ikiwa haijabadilishwa mipangilio, huweka kituo cha kumbukumbu angalau kila baada ya dakika 5 palipo na kazi ya kuandika, ambapo mabadiliko yaliyokuwa kwenye RAM hushushwa kwenye mafaili ya data, na baada ya kila kituo ukurasa unaoguswa kwa mara ya kwanza huandikwa mzima katika daftari la mabadiliko. Kazi ya kuandika huongezeka hapo kwa dhahiri. Jaribio la sekunde 60 linaweza kupita katikati ya vituo viwili na lisiione hata mara moja, wala lisiione ile kazi ya usafi inayojiendesha ya kuondoa mistari iliyokufa. Naendesha dakika 30 kwa uchache, na naweka swichi ya -P 10 ili hali iandikwe kila baada ya sekunde 10, kwa sababu ni katika mistari hiyo ya njiani ndipo mabonde huonekana.

Kazi yenye manufaa zaidi, hata hivyo, ni kuuacha muamala wa TPC-B na kuandika wako. Swichi ya -f hupokea skripti yako ya SQL, na unaweza kuweka kadhaa na uzito wake, kwa mfano -f toa.sql@6 -f weka.sql@3 -f taarifa.sql@1, ikiwa katika kila miamala 10 sita ni ya kutoa, mitatu ya kuweka na mmoja wa taarifa ya akaunti. Uzito huo usiukisie. Washa nyongeza ya pg_stat_statements katika seva inayofanya kazi, iache wiki nzima ikijumuisha mwisho wa mwezi, kisha soma kila amri imeitwa mara ngapi na imekula muda gani kwa jumla. Jumla ndiyo ya kutazama kwanza: amri ya milisekunde 2 iliyoitwa mara 400,000 imekula sekunde 800, na ripoti ya sekunde 40 iliyoitwa mara moja imekula 40, ingawa ripoti ndiyo inayopigiwa kelele kikaoni. Tena pgbench ina namna za kuchagua namba zisizo sawasawa, kwa mfano random_zipfian, zinazofaa pale ambapo akaunti chache hutumika kila siku na nyingi zimelala, jambo ambalo katika vyama vyetu ndilo la kawaida.

Nilifanya hivyo kwa chama kile. Nilirejesha nakala rudufu ya usiku katika mashine ya pembeni, na hapa natoa tahadhari kwa moyo wote: usijaribie kwenye kanzidata inayofanya kazi, kwa sababu skripti za kutoa fedha zitatoa fedha kweli, na amri ya kuandaa uwanja hufuta majedwali yoyote yenye majina inayoyataka. Kurejesha nakala pia kulinipa uhakika kwamba nakala inarejesheka. Niliendesha skripti tatu kwa -R 10, na kwa dakika 30 viwango vyote vilikuwa vizuri mno, hakuna aliyesubiri. Nikarudi kwa keshia kumuuliza nini kingine hutokea siku ya mishahara, naye akanijibu kwamba mhasibu huwa anaingiza mishahara asubuhi hiyohiyo. Nikaendesha tena, na dakika ya 10, kutoka dirisha jingine la amri, nikaanzisha kazi ya mishahara jinsi mfumo ulivyoiandika. Ilikuwa muamala mmoja mkubwa uliobadili salio la kila mwanachama mmoja baada ya mwingine na kufunga mwishoni. Kila akaunti iliyokwisha kuguswa ilibaki imezuiliwa isibadilishwe na mwingine mpaka wa mwisho aguswe. Kusoma salio kulikuwa hakuzuiwi, ndiyo maana wanachama waliona salio la zamani kwenye simu bila tatizo. Kutoa fedha ndiko kulikokwama, na kulikwama kwa wale tu ambao zamu yao ilikuwa imeshapita. Wanne wakapita salama, wa tano akasimama. Mistari ya kila sekunde 10 iliruka mara moja, na logi ikaonyesha mkusanyiko wa miamala ya sekunde nyingi ambao wastani wa dakika 30 ulikuwa umeumeza. Kazi ya mishahara iligawanywa katika mafungu madogo yanayofungwa kila moja kivyake, na mkusanyiko ule ukatoweka.

Muamala wa kawaida wa pgbench usingeligundua jambo hili hata ungeendeshwa mwaka mzima, na kwa hiyo siilaumu kampuni kwa kutokuiona kasoro. Nailaumu kwa kuiita namba yake kipimo cha mfumo wa chama.

Yapo mambo ambayo pgbench haikuulizi na ni lazima ujiulize mwenyewe. La kwanza ni uaminifu wa diski. Diski ya kuzunguka mara 7,200 kwa dakika huzunguka mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo mteja mmoja wa bandia akifunga miamala mingi zaidi ya hiyo kwa sekunde kwenye diski ya namna hiyo isiyo na kumbukumbu yenye betri, kuna mahali ambapo data inasemwa imeandikwa na haijaandikwa. Katika SSD, diski isiyozunguka, hesabu hiyo haitumiki, lakini swali linabaki. Ripoti nyingi hazitaji kama fsync, mpangilio unaohakikisha data imefika diskini kweli, imezimwa, au kama synchronous_commit, unaousubirisha muamala mpaka uandikwe diskini ndipo ukubaliwe, imezimwa, ingawa kuzima mojawapo hupandisha namba sana. Kwa synchronous_commit iliyozimwa, na mipangilio mingine ikiwa ya kawaida, seva ikizimika ghafla unaweza kupoteza miamala ya takriban sekunde 0.6 za mwisho ambayo wanachama walishapewa risiti zake. Katika miji ambayo umeme hukatika bila taarifa, hilo ni suala la fedha za watu. Mimi huzima mashine ya majaribio kwa kung'oa waya katikati ya jaribio, nikapima inachukua muda gani mpaka kupokea muamala wa kwanza tena, na namba hiyo naiweka katika ripoti pamoja na nyingine.

La pili ni uwiano wa kusoma kutoka kumbukumbu, ile asilimia 99 inayopendwa katika ripoti za kila mwezi. Amri inayopitia kurasa 1,000,000 za kilobaiti 8, zote zikiwa tayari kwenye RAM, itapata uwiano wa asilimia 100, na itakuwa imepitia karibu gigabaiti 8 kumtafuta mwanachama mmoja kwa kukosa faharasa. Sijawahi kuona uwiano huo ukimfupishia mtu foleni, na nimeacha kuuandika.

Wanaohitaji kulinganisha chapa tofauti za kanzidata watafute HammerDB, ambayo mzigo wake umetokana na TPC-C, kipimo kingine cha Baraza la TPC, na una sura ya biashara ya maghala na oda. Pgbench ni ya PostgreSQL peke yake. Ukiitumia, iendeshe kutoka mashine nyingine ili isile vichakato vya seva unayoipima, na uchague kwa swichi ya -M namna ileile ya kutuma amri ambayo mfumo wako hutumia.

Chama kile sasa kimeweka kipimo katika mkataba wa matengenezo, na niliombwa kuandika kifungu chenyewe: juu ya nakala ya data halisi, kwa mwendo wa miamala 10 kwa sekunde uliopangwa kwa -R, kwa dakika 60 zinazojumuisha uingizaji wa mishahara, fsync na synchronous_commit zikiwa zimewashwa, miamala 999 kati ya kila 1,000 ya kutoa fedha ikamilike ndani ya sekunde 1. Kabla bodi haijakipitisha nilimsomea keshia yule. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama sekunde hiyo moja inajumuisha kuchapisha risiti. Haikujumuisha, kwa kuwa pgbench huishia kwenye kanzidata na haijui chochote kuhusu mfumo wa juu, waya za ofisi wala printa. Tuliongeza kifungu cha pili, kinachopimwa kwa saa ya mkononi, mtu akiwa amekaa nyuma ya dirisha.